Mafaili asili ya dizaini: yataje kwenye kotesheni, yafungue kabla ya kulipa salio

Kotesheni nyingi za dizaini hapa Nairobi zina mstari unaosema "mteja atapewa mafaili yote kazi ikikamilika". Mstari huo haumsaidii mteja. Kampuni ikimtumia PDF moja na JPEG mbili kwa WhatsApp imetimiza ahadi yake, kwa kuwa hayo nayo ni mafaili. Anachohitaji mteja ni lile faili alilokuwa amelifungua dizaina akifanya kazi, pamoja na kila kitu ambacho faili hilo linakitegemea: fonti, picha, rangi na michoro ya ndani. Faili hilo lazima litajwe kwa aina yake na kwa toleo la programu iliyolitengeneza, na litajwe siku kotesheni inapoandikwa. Ukingoja hadi siku ya kuagana, umechelewa.

Wanaoumia zaidi ni ofisi zinazonunua kwa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa. LPO inasema "brosha 500, kurasa 8, karatasi ya gramu 150", na afisa wa ununuzi akipokea brosha 500 amepokea alichoagiza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba dizaini yenyewe pia imenunuliwa. Mwaka unaofuata nambari ya simu inabadilika, na ofisi inalazimika kurudi kwa kampuni ile ile kwa bei yoyote itakayotajwa, au kulipia dizaini upya. Ongeza mstari mmoja kwenye LPO: mafaili asili yanayoharirika, na bei yake kando. Mstari huo huo uonekane kwenye invoisi. Tangu Januari 2024 matumizi ya biashara kwa kawaida yanahitaji invoisi ya eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, ili yakubalike kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo karatasi hiyo utakuwa nayo kwa vyovyote vile. Hakikisha maelezo yake hayaishii kwenye "huduma za dizaini" tu, maana ndiyo itakuwa ushahidi wako wa ulichonunua.

Swali la kwanza la kuiuliza kampuni ni hili: kazi hii mtaifanyia kwenye programu gani, na toleo la mwaka gani? Nembo, lebo, stika na mabango kwa kawaida hufanywa kwa Adobe Illustrator au CorelDRAW, na faili asili huishia na .ai au .cdr. Ripoti, majarida na brosha zenye kurasa nyingi hufanywa kwa InDesign, yaani .indd. Posta iliyojengwa juu ya picha huwa ya Photoshop, .psd. Matangazo ya Instagram na Facebook siku hizi mara nyingi ni ya Canva, na kurasa za tovuti ni za Figma. Ukijibiwa "tutakupa kila aina", bado hujajibiwa.

Ripoti ya mwaka ya SACCO ndiyo kazi inayoleta machungu mengi, kwa hiyo nianze nayo. Faili la .indd pekee halitoshi. Picha unazoziona ndani ya ripoti kwa kawaida hazimo ndani ya faili. InDesign huonyesha taswira yake ya ubora mdogo, huku picha yenyewe imebaki kwenye folda ya kompyuta ya dizaina. Ukilifungua faili hilo ofisini kwako, paneli ya Links itakuonyesha alama nyekundu yenye kiulizo kando ya kila picha, na maandishi ambayo fonti yake haipo yatawekewa mandharinyuma ya waridi. Ukichapa hivyo hivyo, nyuso za wanabodi zitatoka na ukungu, na maandishi yatabadilishiwa fonti. Fonti mpya ikiwa pana kidogo tu kuliko ile ya awali, mistari inasukumana, na jedwali la mizania linavuka ukurasa.

Programu yenyewe ina njia ya kuzuia hayo. Dizaina anafungua menyu ya File, anachagua Package, kisha anatia tiki kwenye visanduku vya kunakili fonti, kunakili picha zilizounganishwa, kusasisha viungo, kuweka IDML na kuweka PDF. Kinachotoka ni folda moja yenye faili la .indd, faili la .idml, PDF, folda ya fonti na folda ya picha. Hiyo folda nzima ndiyo unayoomba. IDML ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani: .indd iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani, ilhali IDML inafunguka kwenye InDesign yoyote kuanzia CS4, na hata Affinity, programu nyingine ya dizaini, inaisoma. Kwa dizaina mwenye utaratibu hii ni kazi ya dakika chache. Kwa yule ambaye picha zake zimetapakaa kwenye Downloads, kwenye flashi na kwenye simu, Package itatoa onyo kwamba kuna vitu havipatikani. Heri onyo hilo limfikie yeye siku ya makabidhiano kuliko likufikie wewe siku mbili kabla ya mkutano mkuu.

Kwa nembo, ombi ni jingine. Nembo inatakiwa kuwa vekta, yaani maumbo ya mistari yanayoweza kukuzwa hadi bango la Mombasa Road bila kupoteza ukali. Hapa huwa kuna ujanja, mara nyingi bila nia mbaya: mtu anachukua JPEG, anaiweka ndani ya Illustrator, anahifadhi kama .ai na kukutumia. Jina la faili ni sahihi lakini ndani mna picha tu. Fungua faili na ubonyeze Ctrl+Y. Illustrator itaondoa rangi zote na kubakisha mifupa. Ukiona mistari myembamba inayofuata umbo la nembo, umepewa vekta. Ukiona mstatili mmoja tu, umepewa picha.

Kuna hali ya tatu ambayo huwapita wengi. Mistari ipo, ila imejaa nukta mamia kwa mamia na kingo zinayumbayumba. Hiyo ni picha iliyofuatishwa na kompyuta kwa Image Trace. Herufi O iliyochorwa kwa mkono wa fundi inatosheka na nukta nane, nne za nje na nne za ndani. Ukikuta sitini, kataa. Nembo hiyo itaonekana safi kwenye kioo cha simu, lakini siku utakapokata stika za vinyl za gari la kampuni, kisu cha mashine kitafuata kila nukta na kingo zitatoka zimechanikachanika.

Omba nembo katika nakala mbili: moja yenye maandishi yanayoandikika, na nyingine ambayo herufi zimegeuzwa kuwa maumbo. Ya kwanza ni ya kuhariri. Ya pili ni ya kumpa mchapaji, kwa sababu haitegemei fonti yoyote kwenye kompyuta yake. Zije kwa .ai, .svg na PDF, pamoja na PNG isiyo na mandharinyuma kwa kazi za ofisi. Usisahau toleo la rangi moja, jeusi tupu na jeupe tupu, maana mhuri, kalamu na nembo ya kushonwa kwenye fulana havikubali rangi zinazofifiana.

Maduka mengi ya River Road na Kirinyaga Road hufanya kazi kwa CorelDRAW, na mengine bado yana matoleo ya zamani kama X7 ya mwaka 2014. CDR ya toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Kampuni yako ikitumia Corel, mwombe dizaina ahifadhi nakala ya pili akichagua toleo la chini kwenye dirisha la kuhifadhi, na atoe PDF kando. Usitegemee Illustrator kufungua CDR. Inasoma matoleo ya kale sana tu, na hata hayo huyafungua vibaya.

Sasa kuhusu PDF, kwa sababu hapa ndipo mabishano mengi huanzia. Kampuni husema, kwa ukweli fulani, kwamba PDF inaweza kufunguliwa kwa Illustrator na kuhaririwa. Inafunguka, ndiyo. Lakini PDF ya kuchapia ni chapati iliyokwisha kuiva, na ulichoomba wewe ni unga. Aya moja itafunguka ikiwa vipande vya mistari visivyojuana, kila kimoja kikisimama peke yake, kwa hiyo ukiongeza maneno matatu hakuna kinachosogea. Picha zitakuwa zimefungiwa ndani ya fremu juu ya fremu. Fonti nayo kwa kawaida huwekwa kwenye PDF kwa kipande, zikibebwa zile herufi zilizotumika tu. Jina la mwenyekiti wa zamani likiwa halina X na la mpya linayo, hutaipata. Hata bila hivyo, Illustrator itataka fonti kamili iwe imewekwa kwenye kompyuta yako kabla ya kukuruhusu kuandika chochote kwa fonti hiyo. PDF zinazotoka Canva ndizo ngumu zaidi kurekebisha kwa njia hii.

Kuna PDF moja inayoharirika kweli: ile iliyohifadhiwa kutoka Illustrator kukiwa na tiki kwenye kisanduku cha kuhifadhi uwezo wa Illustrator wa kuhariri. Hiyo hubeba faili la .ai ndani yake. Kwa upande wa pili, .ai nayo huwa na kisanduku cha kuifanya isomeke kama PDF. Kisipotiwa tiki, faili linafunguka ndani ya Illustrator peke yake, na ukilifungua kwa Inkscape au ukiliweka ndani ya InDesign utaona ujumbe kwamba lilihifadhiwa bila maudhui ya PDF. Vyote viwili vitiwe tiki, hata kama faili litakuwa zito.

Photoshop haina mengi. Fungua PSD utazame paneli ya leya, yaani matabaka ya dizaini yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukiona leya moja tu iliyoandikwa Background yenye kufuli, umepewa picha iliyobanwa pamoja. Maandishi yawe kwenye leya zenye herufi T. Kisha angalia ukubwa: kipeperushi cha A5 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 1748 kwa 2480 kabla ya kuongeza milimita 3 za kukatwa kila upande. Faili lenye upana wa pikseli 800 haliokoki kwa kulikuza. Ni hesabu ile ile inayoharibu mabango ya kusimama: nembo ya pikseli 1000 iliyochukuliwa kutoka WhatsApp ikitandazwa sentimita 60 inabaki na pikseli 42 kwa inchi, na ukiwa umesimama mbele yake unaona vigae.

Lebo za bidhaa zinataka uangalifu wa peke yake, na hapa naomba msomaji mwenye kiwanda kidogo asome polepole. Chukua lebo ya mtindi. Vitu vinavyobadilika juu yake ni vingi: uzito, viambato, anwani, nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, nambari ya baa (barcode). Faili zuri lina leya tofauti kwa mstari wa kukatia, kwa maandishi, kwa picha na kwa nambari ya baa. Mstari wa kukatia uwe na rangi yake maalumu yenye jina, uwekwe usichapwe, na usiunganishwe na mchoro. Ukiunganishwa, utachapwa juu ya lebo, na lebo zote za oda hiyo ni za kutupwa. Nambari ya baa iwe vekta, nyeusi tupu ya wino mmoja. Ikiwa ni picha iliyonakiliwa, au nyeusi yake imechanganywa kwa wino nne, kupishana kidogo kwa sahani za mashine kunanenepesha mistari na skana ya supamaketi inakataa. Waliosajiliwa na GS1 Kenya, shirika linalotoa nambari hizo za baa, wana nambari zinazoanza na 616, na nambari yenyewe kamili iandikwe mahali pengine pia, si kwenye mchoro tu, ili siku ya kubadilisha ujazo kutoka mililita 250 hadi 500 dizaina mpya asibahatishe.

Fonti na picha ndizo sababu halali zinazoifanya kampuni isite. Fonti ya kulipia huwa na leseni ya aliyeinunua, na mara nyingi haimruhusu kukugawia. Fonti zilizowashwa kupitia Adobe Fonts hazinakiliwi kabisa na Package, kwa hiyo folda ya fonti inaweza kuja tupu bila mtu kufanya hila. Picha za kununuliwa mtandaoni nazo kwa kawaida zinaruhusiwa kutumika ndani ya kazi ya mteja, ila si kugawanywa zikiwa ghafi ili mteja azitumie kwingine. Jibu si kugombana. Omba orodha ya fonti zote kwa majina yake kamili, kila moja ikionyesha ilikotoka, na orodha ya picha zenye leseni. Ukitaka kupunguza shida tangu mwanzo, sema kwenye maelezo ya kazi kwamba fonti zitoke Google Fonts. Karibu zote zina leseni huria na zinaweza kukabidhiwa bila kuuliza mtu. Kuwa macho pia na kazi za zamani: tangu Januari 2023 programu za Adobe hazitumii tena fonti za aina ya Type 1, hivyo faili la mwaka 2012 linaweza kufunguka likilalamikia fonti ambayo bado iko pale pale kwenye folda.

Rangi ziandikwe kwa maneno na nambari, zisiachwe ndani ya faili tu. Mwishoni mwa 2022 Adobe iliondoa vitabu vingi vya rangi za Pantone (mfumo wa kutaja rangi za kuchapia kwa nambari) kwenye programu zake, na kuna waliofungua mafaili yao ya Photoshop wakakuta rangi ya kampuni imekuwa nyeusi. Ukurasa mmoja wenye nambari za kila rangi kwa Pantone na CMYK (za kuchapa) na kwa RGB na HEX (za kioo) unatosha.

Canva inafaa kuzungumziwa kando kwa sababu hakuna faili la kukabidhiwa. Dizaini inaishi ndani ya akaunti. Makosa ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza, kampuni inakutumia kiungo cha kutazama na wewe unadhani umepewa kazi. Unachotaka ni kiungo cha kiolezo: ukikibonyeza, Canva inakutengenezea nakala ndani ya akaunti yako, na wao wakifuta ya kwao yako inabaki. La pili, dizaini zote za shirika ziko kwenye Gmail ya kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya miezi mitatu. Fungua akaunti kwa barua pepe ya shirika kabla kazi haijaanza, na umwalike dizaina ndani yake kama mwanachama wa timu. Figma vivyo hivyo: faili lihamishiwe kwenye timu yako, si kukualika wewe kwenye yao, na uhifadhi nakala ya .fig kando. Na nembo isitengenezwe kwa vipande vya maktaba ya Canva hata kama ni vya bure. Vipande hivyo vinapatikana kwa kila mtu, kwa hiyo hutaweza kuisajili KIPI kama alama yako ya biashara na kudai kwamba ni yako peke yako.

Kuhusu nani mwenye haki, ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa sheria za Marekani au Uingereza, ambako kwa kawaida dizaina wa nje hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya ni tofauti. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao walikubaliana vinginevyo. Hilo ni jambo kubwa kwa mteja, na lina mipaka miwili. Kwanza, maneno "isipokuwa walikubaliana vinginevyo" ndiyo yanayofanya yale masharti ya herufi ndogo nyuma ya kotesheni yawe na nguvu. Yakisema kampuni inabaki na haki zote, nawe ukasaini, umeyakubali. Pili, kifungu kinahamisha haki, hakitaji faili. Unaweza kuwa mwenye hakimiliki ya nembo na bado usiwe na .ai yake. Ndiyo maana mkataba unahitaji sentensi mbili: ya haki, na ya kukabidhi mafaili.

Malipo nayo yapangwe yaendane na makabidhiano. Mpangilio unaofanya kazi vizuri ni asilimia 50 ya dipoziti, 30 dizaini ikiidhinishwa, na 20 baada ya mafaili asili kufunguliwa na kujaribiwa. Hiyo 20 izuiliwe kwa siku chache tu, na tarehe iandikwe. Mteja anayekaa na pesa ya watu miezi miwili kwa kisingizio cha kukagua mafaili anawaharibia wengine wote, na ndiye anayezifanya kampuni zishikilie mafaili kama rehani. Kama hujalipa ulichokubaliana, huna la kudai.

Kujaribu ni kufungua mafaili kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuguswa na kampuni hiyo. Kwenye kompyuta ya dizaina kila kitu kinafunguka, kwa kuwa fonti na picha zote zipo pale. Huna Adobe? Mlipe dizaina wa kujitegemea saa moja ya kukaa nawe. Ukikosa, Photopea inafungua PSD ndani ya kivinjari, Inkscape ni ya bure na inasoma .ai yenye maudhui ya PDF, na Affinity, ambayo tangu mwishoni mwa 2025 hutolewa bure, inasoma zote hizo pamoja na IDML. Mpangilio unaweza kusogea kidogo kwenye programu ngeni, hilo lisikutishe. Fanya vitendo vinne: badilisha neno moja katikati ya aya na utazame kama mistari inajipanga, badilisha picha moja, badilisha rangi ya kampuni mahali pamoja uone kama imebadilika kote, halafu toa PDF yenye milimita 3 za kukatwa. Vyote vikikubali, lipa siku hiyo hiyo.

Ombi lenyewe liwe la heshima na lisiloacha mwanya. Kwa mfano:

"Habari ya asubuhi. Tunashukuru kwa kazi nzuri ya ripoti. Kabla ya kufunga malipo ya mwisho tunaomba mtutumie folda iliyotolewa kwa Package ya InDesign, ikiwa na .indd, .idml, fonti zinazoruhusiwa kugawanywa na picha zote, pamoja na orodha ya fonti ambazo leseni yake hairuhusu. Tumeshafungua folda ya Drive kwa barua pepe ya shirika, kiungo hiki hapa. Tutayafungua na kuwajibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na salio litalipwa tukishathibitisha. Mabadiliko tutakayofanya wenyewe baada ya hapo hayatakuwa juu yenu."

Sentensi ya mwisho ina uzito. Hofu ya kampuni nyingi ni kwamba utampelekea mtu wa bei rahisi, ataiharibu dizaini, na jina lao litabaki juu yake. Ukiwaondolea hofu hiyo kwa maandishi, mlango hufunguka haraka.

Mafaili yakija, yasije kama picha za WhatsApp, kwa kuwa WhatsApp huzibana. Yatumwe kama hati au, bora zaidi, yapandishwe kwenye folda yako mwenyewe. Viungo vya bure vya kutuma mafaili huisha muda, kwa hiyo pakua siku hiyo hiyo. Weka nakala moja kwenye Drive ya shirika na nyingine kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, folda ikiwa na jina la kazi na mwaka. Kama kazi ilikuwa ya vitambulisho vya wafanyakazi au wanafunzi, kampuni pia imebaki na majina na picha za watu. Itake izifute na ithibitishe kwa barua, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana wewe uliyezikusanya.

Ikiwa kampuni imekataa kabisa na mkataba wako ulitaja mafaili, andika barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, husikiliza madai ya mikataba ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ikiwa mkataba haukutaja chochote, jadiliana bei kwa upole. Kulipa kiasi cha haki ni nafuu kuliko kubuni upya.

Na ikiwa kampuni imefunga na simu hazipokelewi, anza na mchapaji. Duka lililochapa kazi yako mara ya mwisho mara nyingi bado lina PDF ya ukubwa kamili au CDR kwenye kompyuta yake, na wengi watakupa ukienda na invoisi ya zamani mkononi. Kutoka kwenye PDF hiyo, nembo huweza kutolewa ikiwa vekta safi hata kama maandishi yamekatikakatika. Ripoti au brosha ijengwe upya kwenye InDesign, PDF ya zamani ikiwekwa chini kwenye leya iliyofungwa na kila kitu kikichorwa juu yake, kisha chapa kurasa mbili tatu za majaribio na uzilinganishe na nakala ya zamani mezani, ukianza na majedwali. Ukishamaliza, mpelekee yule mchapaji faili jipya na usimame hapo hapo akilifuta la zamani, maana asipolifuta oda ijayo ataichapa kutoka kwenye hilo hilo.